Ukuta wa tofali za kuchoma usiopigwa plasta: ubora wake unaamuliwa wapi?

Mjumbe wa Kamati (Iringa)

Habari za kazi, wanajukwaa. Shule yetu ya sekondari iliyo nje kidogo ya mji wa Iringa inakusudia kujenga maktaba ya chumba kimoja kikubwa, chenye urefu wa mita 15 na upana wa mita 8, bila ghorofa. Fedha tulizonazo ni michango ya wazazi na ya wahitimu wa zamani, kwa hiyo kila shilingi ina mwenyewe anayeifuatilia, na kamati imegawanyika kuhusu kuta.

Wenzetu wengine wanataka tofali za saruji za inchi 6, plasta na rangi, kama madarasa yote tuliyo nayo. Wengine, mimi nikiwemo, tunataka tofali za kuchoma zibaki wazi ndani na nje. Sababu yetu ya kwanza ni kwamba rangi ya madarasa inabanduka sehemu za chini kila baada ya masika, na wazazi wanachangishwa upya kuifanyia ukarabati. Sababu ya pili ni majengo ya zamani ya misheni yaliyo jirani zetu, ambayo tofali zake zinaonekana mpaka leo na hakuna anayeyaona kuwa hayakukamilika. Mzee mmoja wa kamati ameongeza wazo la tatu: kwa nini tununue chochote wakati mawe magumu ya matale yamejaa kwenye kiwanja chenyewe?

Upande wa pili unatujibu kwamba ukuta usiopigwa plasta ni ukuta wa mtu aliyeishiwa fedha, na kwamba mafundi wa siku hizi hawawezi kujenga ukuta wa kuachwa wazi. Hoja hiyo ya mwisho inanisumbua, kwa sababu nikitazama nyumba nyingi kabla hazijapigwa plasta naona maungio ya unene wa vidole vitatu na tofali zilizokatwa kwa shoka pembeni mwa madirisha. Naomba wenye ujuzi mnieleze: ukuta mzuri wa tofali, jiwe au bloku unaamuliwa wapi hasa? Je, ni kwenye ubora wa tofali, mkono wa fundi, au mchoro? Na ni mambo gani tuyaandike kwenye mkataba kabla ya kumkabidhi fundi kazi?

Msanifu wa Kigali

Ndugu Mjumbe, swali lako ni zuri na ningependa kamati nyingi zaidi ziliulize mapema kama ulivyofanya. Maoni yangu ni kwamba ukuta wa kuachwa wazi huamuliwa kwenye mchoro, wiki nyingi kabla fundi hajashika mwiko. Zile tofali zilizokatwa kwa shoka ulizoziona hazikutokana na uzembe wa fundi peke yake. Kuna mtu aliyechora dirisha la sentimita 120 bila kujua tofali litakalotumika lina urefu gani.

Nendeni kwenye tanuri mnalokusudia kununua, mchukue tofali 20 bila kuchagua, mzipange mstari mmoja zigusane, mpime urefu wote kisha mgawanye kwa 20. Fanyeni hivyo kwa urefu, kwa upana na kwa kimo. Tuseme mmepata urefu wa sentimita 22, upana wa 10.5 na kimo cha 7. Mota, yaani mchanganyiko wa kuunganishia tofali, ikiwa na unene wa sentimita 1, kila nusu tofali inachukua sentimita 11.5 na kila kozi, yaani mstari mmoja wa tofali, inapanda sentimita 8. Kuanzia hapo mchoro wote unafuata namba hizo. Kipande cha ukuta kati ya madirisha mawili chenye nusu tofali 8 kina sentimita 91, kwa kuwa ungio la mwisho halihesabiwi, na uwazi wa dirisha wenye nusu tofali 10 una sentimita 116, kwa kuwa hapo ungio moja linaongezeka. Lenta, yaani boriti ya juu ya dirisha, ikikaa juu ya kozi ya 26 itakuwa kwenye sentimita 208. Mchoraji wenu akiandika 116 badala ya 120, na 208 badala ya 210, fundi hatakata hata tofali moja kwenye dirisha hilo, na mtaona tofauti hiyo mkiwa mbali.

Kuhusu mkono wa mafundi wa siku hizi, nawaomba wenzako wasikate tamaa haraka. Hapa Rwanda, wilayani Burera, kuna hospitali ya Butaro iliyofunguliwa mwaka 2011 na kusanifiwa na MASS Design Group. Kuta zake zimejengwa kwa mawe ya volkano ya milima ya Virunga, mawe ambayo wakulima wa huko huyaondoa mashambani kwa sababu yanawazuia kulima, na ambayo kwa kawaida yaliishia kwenye misingi na kuta za mipaka. Waashi waliojenga walikuwa watu wa eneo hilohilo, wanawake na wanaume. Waliyachonga mawe hayo yakakaribiana kiasi kwamba ukisimama hatua chache huioni mota, unaona jiwe jeusi lenye vitundu likikutana na jingine. Ustadi huo ulikua kazini, kwa kuwa msanifu aliutaka na akaupangia muda na malipo. Fundi anayelipwa kwa idadi ya tofali anazopandisha kwa siku atawapa idadi. Walipeni kwa ukuta uliokamilika na kukubaliwa, nao watawapa ukuta.

Fundi wa Mafinga

Shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba. Nimejenga kwa tofali za kuchoma Mufindi, Njombe na huko kwenu Iringa, na ninakubaliana na Msanifu isipokuwa sehemu moja: mchoro mzuri juu ya tofali mbovu ni kazi bure.

Tofali za tanuri moja hazifanani. Zilizokaa karibu na midomo ya moto hupindika na wakati mwingine huyeyuka uso ukawa kama kioo, za katikati huiva sawasawa, na za nje kabisa hubaki nusu mbichi. Muuzaji huwachanganyia zote kwenye lori moja. Chukueni mbili mzigonge pamoja: iliyoiva hutoa mlio wa chuma, isiyoiva hutoa sauti ya kufa. Ikwaruzeni kwa msumari. Msumari ukichimba kwa urahisi, iacheni. Kisha mpime uzito tofali kavu, mliloweke saa 24, mlipime tena. Viwango vya India, ambako tofali za kuchoma ni nyenzo ya kila siku, havitaki tofali la kawaida linywe maji kupita asilimia 20 ya uzito wake, na hicho ni kipimo ambacho hata mwalimu wa sayansi shuleni kwenu anaweza kukisimamia kwa mizani ya maabara. Ziteuliwe kabla ya kupakiwa. Za nusu mbichi zirudi kwake, zilizopindika zikubaliwe kwa kuta za ndani ya msingi tu kama ni ngumu.

Mota ndiyo inayoharibu kuta nyingi ninazoitwa kuzitazama. Watu wanadhani saruji nyingi ni uimara, basi wanachanganya moja kwa tatu, na ukuta unapopanuka na kusinyaa kwa jua na baridi ya Iringa, mota haikubali kusogea, ufa unapita katikati ya tofali. Kwa ukuta wa kuachwa wazi mimi natumia ndoo 1 ya saruji, ndoo 1 ya chokaa na ndoo 6 za mchanga. Chokaa huifanya mota iwe laini kwenye mwiko, ishike maji, isikauke kabla tofali halijakaa. Mchanga utiwe kwenye chupa yenye maji, utikiswe, uachwe mpaka kesho yake; tope likikaa juu kwa tabaka nene, mchanga huo uoshwe au ukataliwe. Tofali zinyunyiziwe maji kabla ya kujengewa, zisiloweshwe zikawa zinachuruzika, kwa sababu tofali kavu hunyonya maji ya mota na kuiacha unga.

Unene wa ukuta uwe tofali zima, yaani ule wa sentimita 22, kozi moja tofali zikilala kwa urefu mbili mbili sambamba, kozi inayofuata zikikatiza unene wote. Mfungamano huo ndio unaoufanya ukuta uwe kitu kimoja. Nimeona kuta zilizojengwa kama kuta mbili zilizosimama bega kwa bega bila tofali hata moja la kuzikamata, na mbele zinapendeza kabisa.

Maungio yasikwanguliwe mota ikiwa mbichi. Subirini ianze kukaza, ukibonyeza kidole kinaacha alama lakini hakichafuki, ndipo mpitishe kipande cha bomba au nondo iliyopindwa ili uso wa mota uingie ndani kwa mviringo na kubanwa. Maji ya mvua hayasimami hapo. Tofali zilizochafuka mota zifutwe kwa gunia kavu jioni ileile; mkingoja zikauke mtaanza kuzisugua kwa tindikali, na tindikali hula ngozi ya tofali iliyoungua vizuri.

La kuandika kwenye mkataba, kama mtapata nafasi ya jambo moja tu: fundi ajenge kwanza ukuta wa mfano, upana wa mita moja na nusu na kimo kama hicho, wenye pembe moja na upande mmoja wa dirisha, kwa tofali na mota zilezile zitakazotumika. Kamati iutazame ukiwa umekauka. Ukikubaliwa, ubaki umesimama kiwanjani mpaka kazi iishe, na kila kozi ilinganishwe nao. Fundi anayekataa kujenga ukuta wa mfano amekwisha kuwajibu swali lenu.

Mtunza Mji Mkongwe

Ndugu zangu wa bara, naomba niweke neno kutoka Zanzibar, kwa sababu naona mjadala unaelekea kusema kwamba ukuta bora ni ule usiofunikwa. Kwetu sivyo, na kuta zetu zina karne nyingi.

Waashi wa pwani walijua tofauti ya mawe mawili. Jiwe la kuchimbwa ardhini, lenye matundu na maumbo yasiyolingana, lilijengwa kwenye kuta nene za nusu mita na zaidi pamoja na mota ya chokaa. Tumbawe la baharini lilikatwa likiwa bado na maji, laini, likachongwa kwa miimo ya milango, vibla na nakshi, kisha likakauka na kuwa gumu. Ukienda Kilwa Kisiwani, kwenye Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, utayaona mawe yote mawili yakifanya kazi yake. Ukuta wa jiwe la kuchimbwa haukukusudiwa kamwe kuachwa wazi. Ulipigwa lipu (plasta) ya chokaa, kisha ukapakwa chokaa mara kwa mara, na tabaka hilo ndilo lililokuwa likichakaa badala ya jiwe. Nyumba za Lamu zimefikisha lipu hiyo kwenye usanii kwa zidaka zake za ndani, yaani vishubaka vya ukutani.

Jambo tunalopambana nalo kila siku ni saruji iliyopakwa juu ya kuta hizo na watu waliotaka kuzisaidia. Ukuta wa mawe na chokaa hupandisha unyevu na chumvi kutoka ardhini na kuupumua nje. Ukiufunika kwa saruji, unyevu hunaswa ndani, chumvi hukauka nyuma ya plasta na kuvunja jiwe taratibu, na boriti za mikoko zilizoingia ukutani huoza vichwa vyake pasipo mtu kuona. Kwa nje ukuta unaonekana mzima kuliko jirani yake.

Ninachotaka kamati ichukue ni hiki: rangi ya madarasa yenu inabanduka sehemu za chini kwa sababu maji yanapanda kutoka kwenye msingi. Mkijenga kwa tofali wazi bila kuzuia maji hayo, mtakachokiona ni unga mweupe wa chumvi na tofali zinazomeguka badala ya rangi inayobanduka. Wekeni karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi, walau sentimita 15 kutoka usawa wa ardhi ya nje, na ipite unene wote wa ukuta bila kukatika. Na yale mawe ya mzee wenu yasidharauliwe, kwani hapo ndipo mahali pake. Jengeni msingi na ukuta wa chini, mpaka usawa wa jamvi (sakafu ya zege), kwa mawe ya matale. Matone ya mvua yanayoruka kutoka ardhini yatagonga jiwe lisilonywa maji, na tofali zitaanzia juu ya karatasi, mahali pakavu.

Mhandisi wa Kagera

Wote waliotangulia wamezungumzia sura na maji. Nawaomba kwa dhati tuzungumzie pia watoto watakaokaa ndani.

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Bukoba na maeneo yake. Watu walikufa, shule ziliharibika, na kilichoanguka mara nyingi kilikuwa ukuta wa tofali uliojengwa kwa udongo au mota dhaifu, usio na mkanda wa zege, hasa ile pembetatu ya ukuta inayopanda mpaka kwenye mgongo wa paa. Pembetatu hiyo husimama peke yake juu kabisa, mahali panapotikisika zaidi, bila kitu cha kuishika. Iringa nako kuko kando ya Bonde la Ufa, na ukuta wa tofali hubeba uzito ulioulalia vizuri mno lakini haustahimili kusukumwa ubavuni.

Ukuta wenu wa mita 15 ukijengwa mnyoofu kwa unene wa sentimita 22, ni mrefu mno kusimama bila msaada. Pangeni nguzo za tofali zinazotokeza nje kila baada ya mita 3 hivi, zilizofungamana na ukuta kwa kila kozi, na kenchi za paa zikalie juu ya nguzo hizo. Mkanda wa zege lenye nondo uzunguke jengo zima kwenye usawa wa lenta bila kukatwa na dirisha wala mlango, na paa lifungwe kwenye mkanda huo kwa nondo zilizoachwa zikichomoza. Mkichagua paa lenye miteremko minne, zile pembetatu mbili zinaondoka kabisa, na mvua pia inazuiwa pande zote.

Nguzo hizo zisionekane kama gharama inayoharibu sura. Mhandisi Eladio Dieste wa Uruguay alijenga kanisa huko Atlántida, lililokamilika mwaka 1960, lenye kuta za tofali za kimo cha mita 7 na unene wa sentimita 30 tu. Zinasimama kwa sababu amezipindisha zikaenda kwa mawimbi, na wimbi hilo ndilo linalomvutia kila anayeingia. UNESCO ililiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2021. Hatua ya ukuta kujishikilia na hatua ya ukuta kupendeza ilikuwa moja. Kwenu, kati ya nguzo na nguzo panapatikana kina cha kuwekea benchi la msomaji chini ya dirisha, na kivuli cha nguzo kinalinda dirisha dhidi ya jua la jioni. Msanifu mzuri atafurahi kuzipokea.

Mjumbe wa Kamati (Iringa)

Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Nimeyachapisha majibu haya na kuyasoma mbele ya kamati jana. Suala la mawe kwenye ukuta wa chini limekubaliwa na pande zote, na mzee wetu amefurahi. Ukuta wa mfano pia umekubaliwa, na fundi wawili wamekwisha kusema wako tayari kuujenga.

Limebaki pingamizi moja ambalo sikulitazamia. Mkuu wa shule anauliza tutawezaje kuwafundisha wanafunzi kutunza misitu halafu tuwajengee maktaba kwa tofali zilizochomwa kwa kuni. Na wale wa tofali za saruji wamedaka hoja hiyo na kusema tofali zao hazichomi mti hata mmoja. Mnalionaje?

Msanifu wa Kigali

Mkuu wa shule ana haki kabisa. Ulizeni tanuri linalotumia pumba za mpunga au vumbi la mbao. Kwa Mufindi na viwanda vyake vya mbao, vumbi hilo si la kutafuta mbali. Mkikosa, iko njia ya tofali za udongo ulioshindiliwa kwa mashine na kuchanganywa na saruji kidogo, zisizochomwa kabisa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wamekuwa wakieneza zile za kufungamana, za sentimita 30 kwa 15 kwa 10, ambazo huhitaji mota ndogo sana.

Mfano unaofaa shule ni ule wa Gando, Burkina Faso. Msanifu Francis Kéré alikijengea kijiji chake shule ya msingi iliyokamilika mwaka 2001, kwa tofali za udongo ulioshindiliwa, wanakijiji wenyewe wakishiriki kazi. Paa la bati ameliinua juu ya dari ya tofali ili hewa ya moto ipite kati yake, na amelitokeza nje sana ili mvua isizifikie kuta. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo mwaka 2004, na Kéré mwenyewe akapata Tuzo ya Pritzker, nayo ya usanifu majengo, mwaka 2022. Kuta hizo haziwezi kutenganishwa na paa lake. Mkichagua udongo ulioshindiliwa, sehemu ya paa inayotokeza nje iwe ya sentimita 90 au zaidi, na fedha ya bati hilo la ziada itengwe tangu sasa.

Fundi wa Mafinga

Naongeza kuhusu tofali za saruji, kwa sababu si mbaya zenyewe, ila zinazouzwa ndizo mbaya. Tofali la inchi 6 lenye urefu wa sentimita 45, kimo cha 23 na unene wa 15 lina ujazo wa lita 15 na nusu. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ni kama lita 35. Anayetoa tofali 40 kwa mfuko mmoja amegawa lita 35 za saruji kwenye lita 620 za tofali, na hilo utalimega kwa mkono. Wakizitaka, wazifyatue wenyewe kiwanjani, wahesabu tofali kwa kila mfuko, na wazimwagie maji asubuhi na jioni kwa siku 7 zikiwa kivulini. Tofali la namna hiyo lililonyooka pembe nalo linaweza kuachwa wazi.

Kwa zile za udongo ulioshindiliwa, pelekeni kwanza udongo wa kiwanja chenu ukapimwe kabla ya kukodi mashine. Udongo wenye mfinyanzi mwingi hupasuka ukikauka na huhitaji kuongezwa mchanga. Chimbeni chini ya nusu mita ya juu, ile yenye mizizi na mboji, na mchukue sampuli kutoka pembe zote nne za kiwanja.